Mlango wa Upande wa Mama

Gari la baba halitembei. Naliweka hilo mbele kabisa kwa sababu kila aliyepita uani kwangu hapa Garsen alinisimamisha kuniuliza litawaka lini, na nilipomjibu kwamba halitawaka tena aliniangalia kama mtu aliyeanza kuchanganyikiwa. Injini ilikaa chini ya maji ya mafuriko mpaka ikaota kutu ndani kwa ndani. Fundi wa injini aliifungua, akachungulia, akaifunga, akanawa mikono. Mimi nilikuwa nahangaika na mlango mmoja tu wa gari hilo, tena si mlango wenyewe bali kitambaa kilichovishwa upande wake wa ndani na ukanda wa bati uliokizunguka, na nilikuwa na hasira na kila aliyenikuta nikifanya kazi hiyo.

Ni stesheni wagoni ya Kifaransa, ya zamani sana, nyeupe iliyokwisha kuwa ya manjano. Baba alilinunua likiwa limeshapita mikononi mwa watu kadhaa, akabebea abiria kati ya Wenje na Garsen enzi ambazo barabara ilikuwa udongo mtupu. Alipochoshwa na abiria na visa vyao, likawa gari la nyumbani, la kanisani Jumapili na la kumpeleka mama sokoni. Kiti cha mbele kushoto kilikuwa cha mama, na ole wako ukikutwa umekikalia. Ngozi ya plastiki ya mlango wake ilipopasuka kwa jua, mama hakungoja mtu. Alinunua kitambaa cha pamba cha buluu, akakifuma maua ya yungiyungi, yale meupe yanayoelea kwenye mabwawa yanayoachwa na mto. Baba akakibandika juu ya ubao wa mlango kwa gundi na pini, kisha akakizungushia ukanda mwembamba wa bati la kung'aa. Vitambaa vya mama vilikuwa kila mahali nyumbani kwetu, viti vyote, juu ya redio, hata juu ya mtungi wa maji. Sisi watoto tulimtania kwamba siku moja atamfumia na ng'ombe.

Mama alitutoka miaka miwili kabla ya mafuriko. Tulimzika shambani, juu kidogo ya ukingo wa mto, walikozikwa wakwe zake. Halafu mto Tana ukaja. Maji yake hayaji kwa kelele kama watu wa mbali wanavyodhani. Yanapanda kimya, yanaingia kwenye mahindi, yanasimama kizingitini, na unapoamua kuondoka umeshachelewa. Baba na shangazi yangu, dada yake mdogo, walitolewa kwa mtumbwi wakiwa na nguo za mwilini na gunia la mbegu ambalo shangazi alikataa kuliachia. Nyumba ya udongo iliyeyuka. Viti, redio, cherehani, picha za harusi, kila kitambaa alichofuma mama, vyote vilikwenda na maji. Gari lilibaki kwa sababu lilikuwa zito na lilikwama kwenye mkunazi, maji yakiwa usawa wa vioo.

Baba na shangazi wakaja kukaa kwangu Garsen, ninakofundisha shule ya msingi. Maji yalipokwisha baba alitaka kwenda kuliona kaburi. Nasema kuliona, lakini macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho, na anachopata ni mwanga na vivuli tu. Tulimpeleka, mimi, shangazi na binamu yangu aliyebaki kijijini. Mto ulikuwa umekula ukingo mahali pengine na kumwaga matope mahali pengine, na msalaba wa mbao haukuwapo. Shangazi akasema kaburi lilikuwa hapa. Binamu akasema la, ni kule karibu na kisiki. Mimi pia nilikuwa na mahali pangu, na tukabishana kwa sauti kubwa mbele ya baba kama watu wanaogombea mpaka wa shamba. Baba alisimama kwenye matope na fimbo yake mpaka tukaishiwa na maneno. Huenda mama alikuwa pale, huenda kule, huenda mto ulikuwa umemchukua, na hilo la mwisho hakuna aliyelitamka. Tulipofika barabarani tukirudi, baba akauliza kama mlango wa upande wa mama bado una kitambaa chake.

Basi nikalifuata gari. Binamu alipata trekta ya kulivuta hadi barabarani, na lori la ng'ombe lililokuwa likirudi tupu likalipakia mpaka Garsen, likaja linanuka kama zizi. Kitambaa kilikuwapo. Kilikuwa kimefunikwa na matope makavu, lakini nilipoyakwangua kwa ukucha maua yalionekana. Nilimkalisha baba kwenye kiti cha mama, nikauweka mkono wake juu ya kitambaa. Alikaa tu mkono ukiwa pale mpaka shangazi akamwita kula.

Ila mlango haungeweza kuachwa vile. Ubao uliobeba kitambaa umetengenezwa kwa karatasi ngumu, na ulikuwa umevimba kama mkate uliochovywa kwenye chai. Ukanda wa bati ulikuwa umeshika kutu na kutu ile ilikuwa imeanza kula kingo za kitambaa. Ilikuwa lazima vyote vivuliwe, ubao mpya ukatwe, ukanda mpya uwekwe. Nilimweleza baba, naye akajibu kwamba nifanye ninavyojua, ila kitambaa kirudi mlangoni kizima, bila mshono wa mkono mwingine. Hakuwa amebakiwa na kitu kingine cha mama cha kushika, na sote tulilijua hilo.

Nilimwita fundi wa viti anayefanya kazi karibu na stendi ya mabasi ya Lamu. Ni fundi mzuri, viti vya nusu ya mabasi yanayopita hapa vimepita mikononi mwake, lakini mabasi hayangoji na yeye kazoea kazi ya haraka. Alichukua bisibisi, akaichomeka kati ya bati na ubao, akainyanyua kwa nguvu. Nikasikia nyuzi zikikatika. Kwenye pembe ya juu palikuwa pamepasuka tundu dogo kama ukucha. Nikamwambia asimamishe kazi.

"Mama, kitambaa hiki kimekufa," fundi akaniambia, bila ubaya wowote. "Tutoe chote, nikuvalishe ngozi mpya gari ling'ae."

Nilimjibu maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyatoa mchana kweupe, naye akakusanya vyombo vyake akaenda zake. Baba, aliyekuwa amekaa kwenye kiti kando ya gari akisikiliza, alisema sasa ni sisi. Yeye ndiye aliyekibandika kitambaa kile, kwa hiyo alijua kila kibanio kilipo. Macho yake hayakuwapo tena, lakini mdomo wake ulikuwapo, na mikono ilikuwa yangu.

Alianza kunielekeza kama dereva anayemfundisha mwanafunzi mzito. Nipandishe kioo mpaka juu kabisa. Nifungue skrubu za kiegemeo cha mkono. Hendeli ya kuzungushia kioo haina skrubu, imeshikwa na waya mdogo uliojificha nyuma yake, basi nipitishe tambara nyuma ya hendeli, nivute huku na huku kama mtu anayesugua kiatu mpaka tambara liushike waya na kuutoa. Niliona ananichezea. Nikavuta na kuvuta huku nikinung'unika, na ghafla waya ukaruka ukapotelea mchangani, nikatambaa kwa magoti kuutafuta huku jirani akinisalimia juu ya ua.

Ulipofika wakati wa kuuvua ubao alikataza chuma cha aina yoyote. Nikaenda jikoni nikachukua mwiko wa sima wa shangazi, mwiko wa zamani uliokwisha kuwa mwembamba ncha yake kwa kukwangua masufuria, nikauviringishia kipande cha leso. Vibanio vimeuzunguka ubao kwa nyuma, vimejibana kwenye matundu ya mlango. Baba aliniambia nivipapase kwanza kwa kidole, nichomeke mwiko pale pale kilipo kibanio na si katikati ya kimoja na kingine, kwa sababu katikati ubao unapinda na kitambaa kinavutika. Nichomeke, niuzungushe kidogo, ningoje. Kibanio kinaachia kwa mlio mdogo, ndipo nihamie kinachofuata. Nilijifunza uvumilivu mlangoni pale ambao darasa la nne halijawahi kunifundisha. Shangazi alikuja kutafuta mwiko wake, akaukuta umechomekwa kwenye gari, akacheka mpaka akashika kiuno. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mafuriko. Siku ile sima ilisongwa kwa kijiti cha kusukumia chapati.

Ubao ulipoachia tuliunyanyua kwenda juu ili utoke kwenye mfereji wa kioo. Ndani ya mlango mlikuwa mmejaa matope yaliyokauka, na katikati yake palikuwa na kambare mdogo, mkavu, aliyeingia na maji akakosa njia ya kutokea. Shangazi alimtoa kwa vidole viwili akamtupa nyuma ya nyumba.

Kuvua kitambaa kwenye ubao nilikufanya peke yangu, alasiri baada ya alasiri, nikitoka shuleni. Bati lilishikiliwa na ndimi ndogo zilizopindwa kwa nyuma, nikazinyoosha moja moja kwa koleo. Pini zilikuwa zimeota kutu, nikazichokoa kwa ncha ya sindano kabla ya kuzivuta. Gundi ilikuwa imekwisha nguvu kwa maji. Huo ndio wema pekee ambao mafuriko yalitufanyia. Kitambaa kikatoka chote, kikiwa na tundu la fundi tu pale pembeni. Nilikiosha kwa maji baridi bila kukisugua, matope yakatoka, nikakianika kivulini kwenye kamba nyuma ya nyumba. Baba alikuja akasimama mbele yake, akaugusa upindo wake wa chini, akasema sawa.

Kesho yake nikiwa shuleni mvua ilinyesha. Nilirudi nikakuta kamba haina kitu, nikajua kimeingizwa ndani, na nikadhani baba kakiweka kitandani kwake. Yeye naye, nilivyokuja kuelewa, alidhani nimekifungia kwenye sanduku langu. Hatukuulizana. Kitu kile kilikuwa kimefika mahali ambapo kila mmoja wetu aliogopa kukitaja. Siku kadhaa zikapita nikisubiri fundi seremala anikatie ubao mpya kwa kufuata umbo la ule wa zamani. Ubao ulipokuwa tayari nikamwuliza baba kitambaa, naye akaniuliza mimi.

Shangazi alikuwa jikoni akipepeta mchele. Hakusimamisha ungo. Alielekeza kidevu juu ya moto, kwenye uchaga, zile fito zinazofungwa juu ya mafiga ambapo mkulima wa mtoni anaweka mbegu zake zipate moshi zisiliwe na wadudu. Pale kati ya mahindi ya mbegu kilikuwa kimelala kitambaa cha mama. Kilikuwa kimekaa juu ya moto wa chai, wa uji, wa sima na wa mchuzi, siku zote zile.

Pamba iliyolowa, ukiikausha kwa moto, inajivuta. Nilikishusha kikiwa kigumu kama karatasi, buluu imekuwa kahawia, na kimepungua. Nilipiga kelele. Nilimwambia shangazi kwamba nguo si mahindi, kwamba hajui analolifanya, na mengine. Alingoja nimalize.

"Kitu ninachotaka kukiona tena mwakani nakiweka juu ya moto," akasema. "Maisha yangu yote. Mbegu peke yake ndiyo iliyobaki kwetu, na ilibaki kwa hivyo. Nimekosa nini?"

Baba alikuwa ameshafika mlangoni kwa fimbo yake. Alinyoosha mkono nikampa kitambaa, akakipapasa, akakinusa, akakikunja kwa mikunjo midogo kama cheti, akaondoka nacho. Tangu siku hiyo hasemi na dada yake. Anakula anachopika, lakini sahani inapitia kwangu kwenda na kurudi, na salamu za asubuhi napewa mimi peke yangu ingawa tuko wawili mbele yake.

Nilikitandaza kitambaa juu ya ubao mpya. Upana ulifika kwa shida, ila chini kilikosa kama vidole vitatu. Nilipokivuta nyuzi zilianza kuachana zenyewe, maana moshi ulikuwa umezikausha. Shangazi alikuja kimya na kipande cha leso yake ya buluu, akanionyesha jinsi ya kukiungia chini, kazi ya dakika chache kwa mtu anayejua sindano. Nikaenda kumwuliza baba. Alisema hapana kabla sijamaliza, wala hakupandisha sauti. Shangazi alisikia, akairudisha leso ndani.

Ikabaki njia moja. Kwenye karakana inayotengeneza bodi za mabasi nilipata ukanda mpana wa aluminiamu, mpana kama kiganja, wa kuwekwa chini ya mlango badala ya ule mwembamba wa zamani. Nilikilainisha kitambaa kwa mvuke wa sufuria, nikakinyoosha mpaka pale kilipokataa, nikakipigia pini usoni mwa ubao badala ya kukikunjia nyuma, kisha nikaufunika ukingo wote kwa ukanda ule. Nilichagua skrubu fupi, kwa kuwa ndefu zingetokeza ndani na kugonga kioo kikishuka. Safu nzima ya chini ya maua ilikwenda chini ya ukanda. Niliutazama ubao nikaona umependeza, kusema kweli, na nikajichukia kwa kuona hivyo. Nikaurudisha mlangoni, vibanio vipya vikaingia kwenye matundu yake kwa kusukumwa na kiganja tu, bila nyundo. Nikarudisha kiegemeo, hendeli na waya wake. Kioo kilishuka na kupanda vizuri, kwenye gari lisilokwenda popote.

Ilikuwa Jumamosi alasiri. Nilimwongoza baba, akaingia akaketi kwenye kiti cha mama, akavuta pumzi. Harufu ilikuwa ya moshi wa jikoni na gundi mpya. Aliweka kiganja juu kabisa, kwenye lile tundu la fundi, akalizunguka kwa kidole, akaliacha. Kisha akashuka taratibu ua kwa ua. Alipofikia aluminiamu alisimama. Akarudi juu, akashuka tena, akasimama pale pale.

"Mama," akaniita, kama anavyoniita tangu utotoni, kwa kuwa nina jina la mama yake. "Maua ya chini yako wapi?"

Jikoni shangazi alikuwa akitwanga, na mchi ukanyamaza.

"Yako chini ya ukanda, baba. Kitambaa hakikufika. Sikuyakata hata moja, nimeyafunika tu."

Nikamwambia kwamba naweza kuuvua ukanda akitaka, ila kitambaa hakitastahimili kuvuliwa mara ya pili, kitachanika mikononi mwangu. Nilikuwa naogopa jibu lake. Nilikuwa nimesimama na bisibisi mkononi.

Alipitisha kidole juu ya aluminiamu kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Uache," akasema. "Hayo angalau tunajua yaliko."

Akaniomba nimfungie. Nilifunga mlango kwa mikono miwili ili usigonge, nikazunguka nyuma ya gari, nikalia pale bila kujali nani ananiona. Baada ya muda shangazi akaendelea kutwanga.